Kipande, Kiboko na Mshahara: Ubaguzi Kazini katika Kenya ya Ukoloni

Ubaguzi kazini, yaani kumnyima mfanyakazi haki au heshima kwa sababu ya rangi, kabila au jinsia yake na si kwa sababu ya kazi anayoifanya, aghalabu huelezwa kana kwamba chimbuko lake ni moyo wa mtu binafsi: kwanza huja dhana mbaya, ile hukumu ambayo mtu humpitishia mwenzake kabla hajamjua, dhana hiyo ikizaa ubaguzi, na ubaguzi ukikomaa huzaa ukatili. Historia ya kazi za ujira nchini Kenya, tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi uhuru, haifuati mpangilio huo. Iliyotangulia ilikuwa haja ya vibarua wa bei rahisi. Sheria ikatungwa ili kuitimiza haja hiyo, kiboko kikatumika pale sheria ilipoonekana kuchelewa, na maneno kuhusu uvivu, utoto na ujanja wa Mwafrika yakazidi kutiwa nguvu ili yote hayo yaonekane kuwa ya haki. Si kwamba walowezi walifika wakiwa hawana dharau. Wengi wao walitoka Afrika Kusini na Uingereza wakiwa wamekwisha kuibeba. Lakini dharau peke yake haitoshi kuendesha shamba la kahawa, na serikali iliyotaka mashamba hayo yastawi ililazimika kuigeuza dharau kuwa utaratibu wa kazi.

Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani mwaka 1901, serikali ya Kiingereza ilikuwa na njia ndefu ya gharama kubwa iliyokosa mizigo ya kutosha kuilipia. Suluhisho lililochaguliwa lilikuwa kuwagawia Wazungu ardhi ya nyanda za juu ili walime mazao ya kuuza nje. Ardhi ilipatikana kwa kuwapokonya wenyewe, ila mikono ya kuilima haikupatikana kwa urahisi namna hiyo, kwa kuwa familia zilizokuwa na mashamba na mifugo hazikuona sababu ya kwenda kumlimia mtu mwingine kwa ujira mdogo. Kodi ya nyumba, na baadaye kodi ya kichwa, ambazo zilikuja kudaiwa kwa fedha badala ya mifugo au mazao, zilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kuingiza mapato katika hazina na kuwasukuma vijana watoke vijijini kutafuta mshahara. Mshahara wenyewe ulikadiriwa kwa hesabu iliyodumu miaka mingi, kwamba kibarua ni mwanamume asiye na wa kumtegemea, na kwamba mkewe na watoto waliobaki katika maeneo yaliyotengewa Waafrika watajilisha kwa jembe lao. Kwa hiyo mwanamke aliyelima kijijini alikuwa akimpunguzia mwajiri gharama bila ya kuandikwa katika daftari lolote la malipo, jambo ambalo wanahistoria wa kazi walichelewa kulitilia maanani.

Mwaka 1906 ilipitishwa Sheria ya Mabwana na Watumishi, iliyofuata mfano wa sheria za Afrika Kusini. Msingi wake ulikuwa kuyageuza makosa ya mkataba kuwa jinai. Katika uhusiano wa kawaida wa kazi, mfanyakazi akiondoka kabla ya muda wake kwisha, mwajiri anaweza kumdai fidia katika kesi ya madai. Chini ya sheria hii, mtumishi aliyeondoka bila ruhusa, aliyelewa saa za kazi, aliyekataa amri au aliyemjibu bwana wake kwa ukali aliweza kutozwa faini au kufungwa jela. Mwajiri naye alikuwa na wajibu wake katika sheria hiyo hiyo, kama vile kulipa mishahara aliyoahidi, lakini kibarua aliyetaka kumshtaki alipaswa kuacha kazi na kutembea mwendo mrefu hadi kwa hakimu, na kule kuacha kazi kwenyewe kulikuwa kosa la utoro. Mtego huo ni wa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu unaonyesha jinsi sheria iliyoandikwa kwa pande mbili inavyoweza kuwa kali upande mmoja tu, bila neno lolote la rangi kutajwa mahali ilipo nguvu yake.

Hata hivyo walowezi wengi waliiona sheria kuwa ndefu. Hakimu alikuwa mbali, na siku ambazo kibarua angekaa mahabusu zilikuwa siku za kazi zilizopotea, basi wakaamua kesi wenyewe kwa kiboko, yaani mjeledi wa ngozi nene ya mnyama wa jina hilo. Kuwachapa wafanyakazi wazima kulitetewa kwa hoja kwamba wao ni kama watoto, na kwamba mtoto haelewi lugha nyingine. Machi 1907, Ewart Grogan, aliyekuwa rais wa chama cha walowezi, aliwachapa hadharani wavuta rikisho watatu wa Kikuyu mbele ya jengo la mahakama mjini Nairobi, akidai kwamba walikuwa wamewakosea adabu wanawake wa Kizungu waliowabeba. Mahali penyewe hapakuchaguliwa kwa bahati. Hakimu alikuwapo na alimsihi aache, askari walikuwapo, umati wa Wazungu ulisimama kumlinda. Grogan alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, na wala hakukitumikia katika jela ya kawaida. Serikali iliudhika, ila kilichoiudhi zaidi kilikuwa kudharauliwa kwa mahakama yake, kwani migongo ya wale watu watatu haikuwa na uzito mkubwa katika barua zilizoandikwa baada ya tukio hilo.

Kesi iliyoufichua mfumo huo zaidi ya zote ilitokea mwaka 1923 katika shamba la Molo. Kibarua aliyeitwa Kitosh alitumwa na mwajiri wake kwenda na farasi jike, akaamriwa amwongoze kwa miguu na asimpande. Kitosh alimpanda. Mtu mmoja aliyemwona njiani alimpasha habari mwajiri, na jioni hiyo Kitosh akachapwa sana, kisha akafungwa kamba na kuachwa ghalani, na kabla ya kupambazuka alikuwa amekufa. Kesi ilisikilizwa na juri, yaani jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Na kwa kuwa mshtakiwa alikuwa Mzungu, jopo zima lilikuwa la Wazungu. Ushahidi wa kitabibu uligawanyika, kwani daktari aliyeuchunguza mwili alisema kuwa kifo kilitokana na majeraha, huku wale walioletwa kuusaidia utetezi wakidai kwamba majeraha hayo peke yake yasingemuua na kwamba marehemu, ambaye usiku ule alisikika akisema anataka kufa, alikufa kwa kutaka mwenyewe. Hatimaye mwajiri hakupatikana na hatia ya kuua bali ya kujeruhi vibaya, akafungwa miaka miwili.

Hoja ya utetezi katika kesi hiyo inastahili kuangaliwa peke yake, maana ndani yake dhana ilifanya kazi ambayo kiboko hakikuweza kuifanya. Kusema kwamba Mwafrika anaweza kuamua kufa na akafa palepale, bila sumu wala kisu, ni kumfanya kiumbe wa aina nyingine, ambaye kanuni za mwili wa binadamu hazimhusu. Na akishafanywa hivyo, aliyemchapa hana tena deni la kifo chake. Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na Nairobi wakati huo, aliisimulia kesi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1937 na akakiona katika kile kifo kitu cha fahari, hiari ya mtu asiyeweza kushikwa. Masimulizi yake yana huruma, lakini yanakubaliana na utetezi katika jambo la msingi, yaani yanamwacha marehemu awe mwenye kukitaka kifo chake. Huko London, Wizara ya Makoloni ilishtushwa na adhabu hiyo nyepesi, na kesi hii ikawa miongoni mwa mambo yaliyochochea kuachwa kwa Kanuni ya Adhabu ya India, iliyokuwa ikitumika Kenya, na kuletwa kwa sheria mpya ya jinai mwaka 1930.

Ilhali kiboko kilimfikia mmoja mmoja, kipande kiliwafikia wote. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na Vita Vikuu vya Kwanza na kuanza kutekelezwa kwa ukamilifu mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyezidi umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza kazi na kiwango cha mshahara. Karatasi hiyo ikawekwa ndani ya kibweta kidogo cha bati kilichoning'inizwa shingoni kwa uzi. Wakikuyu walikifananisha na kengele inayofungwa mbuzi. Aliyekutwa bila kipande alikamatwa, na aliyetaka kuacha kazi alimhitaji mwajiri atie sahihi ya kumruhusu, kwani bila sahihi hiyo hapakuwa na mwajiri mwingine aliyeruhusiwa kumpokea. Kwa kuwa mshahara wa awali uliandikwa humo, mwajiri mpya aliusoma kabla ya kutaja bei yake, na hivyo mtu aliyeanza kwa ujira duni aliendelea kuubeba shingoni popote alipokwenda. Utoro nao, ambao awali mwajiri alipaswa kuufuatilia mwenyewe, sasa ulikuwa shughuli ya polisi. Kufikia mwaka 1931 vipande zaidi ya milioni moja vilikuwa vimetolewa. Watumishi wa majumbani walikuja kuongezewa kitabu kingine, ambamo mwajiri aliandika maoni yake kuhusu tabia ya mtumishi kwa lugha ambayo mara nyingi mtumishi mwenyewe hakuweza kuisoma.

Mwaka ule ule wa 1919, Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowataka maafisa wa wilaya na machifu kuwahimiza watu waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, wakiwamo wanawake na watoto walioishi karibu na mashamba hayo. Neno lililotumika lilikuwa kuhimiza. Chifu aliyejua kwamba cheo chake kinategemea idadi ya watu atakaowapeleka alilielewa kwa maana yake halisi. Wasichana walichukuliwa kwenda kuchuma kahawa, na malalamiko kuhusu kudhalilishwa kwao huko mashambani yakawa miongoni mwa mambo yaliyowasha siasa za Nairobi mwaka 1921, mwaka ambao pia walowezi waliafikiana kuipunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, ilhali kodi ilikuwa imepanda. Harry Thuku, karani wa simu katika idara ya hazina ya serikali, alizikusanya kero hizo zote, yaani kipande, kodi, mishahara na kazi za kulazimishwa, chini ya chama kimoja kilichowataka watu wa makabila yote. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiwa, na wazee waliporudi kutoka kwa maafisa wakiwaomba watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakebehi wanaume akiwataka wampe suruali zao avae yeye. Umati ukasonga mbele, askari wakafyatua risasi, na watu zaidi ya 20 wakauawa, Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Thuku alihamishiwa Kismayu bila ya kushtakiwa.

Baada ya hapo ubaguzi ulizidi kukaa katika madaftari. Katika utumishi wa serikali na reli palikuwa na ngazi tatu za mishahara, ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na kanuni iliyozoeleka ilikuwa kwamba Mhindi alipwe sehemu tatu kwa tano za alicholipwa Mzungu mwenye kazi ile ile, huku Mwafrika akiwa chini zaidi. Ngazi hizo zilifuatwa hadi kwenye nyumba za wafanyakazi na vyoo vya stesheni. Miongoni mwa Waafrika wenyewe waajiri walisambaza sifa zilizodaiwa kuwa za kimaumbile: Wajaluo wana nguvu za bandarini na relini, Wakamba ni wa jeshi na polisi, Wakikuyu ni hodari wa ukarani lakini hawaaminiki. Sifa hizo zilitokana kwa kiasi kikubwa na njia ambazo watu waliajiriwa, kwani aliyekwisha kupata kazi relini alimwita ndugu yake, na baada ya miaka michache mwajiri aliutazama mtandao huo wa udugu na kuuita tabia ya kabila. Baadhi ya sifa hizo bado husikika katika mazungumzo ya kuajiri hadi leo, na wanaozirudia si wageni.

Waliouona mfumo huu kwa upana walikuwa wachache, na Makhan Singh alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Punjab, akaletwa Kenya akiwa kijana, na katikati ya miaka ya 1930 akakigeuza chama cha mafundi wa Kihindi kuwa chama cha wafanyakazi kilichofungua milango kwa watu wa rangi zote, akisema kwamba mshahara wa chini wa Mwafrika ndio unaotumiwa kuushusha wa Mhindi. Mgomo wa mwaka 1937 mjini Nairobi uliwaletea mafundi nyongeza. Mgomo wa Mombasa wa mwaka 1939 ulianzia kwenye kodi za pango na ujira wa vibarua wa bandarini.

Mgomo mkubwa ulikuja baada ya Vita Vikuu vya Pili. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, makuli wa bandari, watu wa reli, wahudumu wa hoteli, hata wapishi na matopasi, waliacha kazi kwa pamoja, na kwa karibu wiki mbili mji ukasimama. Mikutano yao ya kila siku ilifanyika katika uwanja wa mpira waliouita Kiwanja cha Maskini, ambako habari zilitolewa, michango ikapokewa na waliovunja mgomo wakahukumiwa na wenzao. Katika siku hizo lilizaliwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, ambalo Chege Kibachia alikuja kuwa kiongozi wake. Orodha ya kero za shirikisho hilo haikuishia kwenye gharama za maisha. Ililalamikia kutolipwa sawa na watu wa rangi nyingine wanaofanya kazi zile zile, kutopewa posho ya mke na watoto, na pia upendeleo na dharau wanazofanyiwa Waafrika popote walipoajiriwa. Kuiweka dharau katika orodha moja na mshahara kulikuwa jambo jipya kwa maafisa waliozoea kuuona mgomo kuwa suala la senti. Ilhali kwa makuli mtu mzima kuitwa boi na karani wa umri wa mwanawe, na kulipwa nusu ya anachostahili, yalikuwa mambo mawili yaliyotoka katika daftari moja. Hesabu ile ya mshahara wa mtu asiye na familia ndiyo iliyokuwa ikipingwa pale kiwanjani, kwa mara ya kwanza na umati mkubwa kiasi hicho. Serikali iliunda baraza la usuluhishi, lililotoa nyongeza, na mwezi Agosti ikamkamata Kibachia na kumpeleka Kabarnet, ambako alizuiliwa kwa miaka kumi. Makhan Singh naye alikamatwa Mei 1950 pamoja na kiongozi mwenzake wa wafanyakazi, Fred Kubai, Nairobi ikagoma, na hakuachiliwa hadi mwaka 1961.

Kipande cha shingoni kilifutwa kwa sheria ya mwaka 1947 iliyowataka watu wa rangi zote waandikishwe. Ndipo walowezi, ambao kwa miaka karibu 30 walikuwa wameona alama za vidole kuwa jambo la kawaida la utawala, walipogundua kwamba kuchukuliwa alama hizo ni kudhalilishwa kama mhalifu. Malalamiko yao yalikuwa makali kiasi kwamba tume ya uchunguzi iliundwa, na mwaka 1950 ikapendekeza kwamba mtu anayeweza kujaza fomu kwa Kiingereza aondolewe sharti la alama za vidole. Rangi ilitolewa katika sheria na lugha ikaingizwa mahali pake, na matokeo hayakuwa mbali sana na ya awali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tom Mboya, aliyekuja kuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliajiriwa na halmashauri ya jiji la Nairobi kuwa mkaguzi wa afya, kwa mshahara ambao kwa maelezo yake ulikuwa sehemu moja ya tano ya ule wa mkaguzi wa Kizungu. Alisimulia kwamba siku moja, akiwa peke yake katika ofisi hiyo, mwanamke wa Kizungu aliingia na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Mboya alimuuliza kama macho yake yana kasoro. Hapakuwa na kiboko wala kipande katika chumba hicho, na huenda yule mwanamke hakukusudia kutukana. Nusu karne ya madaftari yenye safu tatu ilikuwa imemfundisha nani ahesabiwe kuwa mtu anapoingia katika ofisi.

Safu hizo ziliondolewa rasmi baada ya tume ya mishahara iliyoongozwa na Lidbury kutoa taarifa yake mwaka 1954, miaka sita tu baada ya tume nyingine, ya Holmes, kuukataa usawa wa mishahara. Ngazi ikawa moja kwa wote, ila pakaongezwa posho ya kuwavutia watumishi walioajiriwa kutoka ng'ambo, na wengi wa hao walikuwa Wazungu. Mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, jeshi liliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatiwa kizuizini kwa tuhuma za kuunga mkono uasi wa Mau Mau, na nafasi zao za kazi zikajazwa na watu wa makabila mengine kwa idhini ya serikali. Kwa hiyo rangi ilipoanza kutoka katika mizania ya mishahara, kabila lilikuwa likiingia katika mizania ya kuajiri, tena kwa haraka.

Ngazi moja ya Lidbury iliwahusu watumishi wa umma. Mkataba wa 111 wa Shirika la Kazi Duniani, unaokataza ubaguzi katika ajira, ulipitishwa mwaka 1958, na Kenya haikuuridhia hadi 2001. Wafanyakazi wa mashamba ya kahawa, chai na mkonge, ambao sheria ya 1906 ilitungwa hasa kwa ajili yao, walianza kuruhusiwa vyama vyao mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1963 vyama hivyo vikaungana kuwa kimoja.  Kwa upande wa watumishi wa majumbani, kama wale wapishi waliogoma Mombasa mwaka 1947, nyumba za Wazungu walioondoka zilinunuliwa na maafisa wapya, na kile chumba kidogo cha mtumishi nyuma ya nyumba kikauzwa pamoja nazo, mara nyingi aliyekaa humo akiwa bado ndani.